Pikapu Kuukuu Inayozimika Njiani: Soma Kwanza Namna Inavyozima

Gari lisilowaka kabisa halimsumbui fundi. Limelala hapo, limetulia, kila kitu utakipima. Linalochosha ni lile linalowaka vizuri asubuhi, linatembea nusu saa, linazima katikati ya mlima, halafu ukiliacha lipumue dakika ishirini linawaka kana kwamba halikufanya kosa lolote. Ukilifikisha gereji linanguruma kwa adabu zote, na wewe unaonekana mwongo.

Hapo ndipo ramli huanza. "Badilisha pampu." "Hiyo ni koili tu." Nimepita huko. Ndani ya mwezi mmoja niliwahi kubadilisha pampu ya mafuta, koili (inayotengeneza umeme mkali wa cheche) na plagi zote za pikapu yangu, kumbe mkosaji alikuwa kiwaya kimoja chembamba kilichokatikia ndani ya ganda lake. Nitamfikia. Tangu siku hiyo sinunui kifaa chochote kabla ya kujua mambo mawili: injini ilizima kwa mtindo gani, na katika dakika tano za kwanza baada ya kuzima ilikosa nini, cheche au mafuta. Ikishapoa na kuwaka tena, imeondoka na ushahidi.

Maelezo haya yanahusu pikapu za petroli zenye kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distribyuta (inayogawa cheche kwa kila plagi), zile za mwanzo zenye pampu ya mafuta ya umeme na nozeli, na dizeli za zamani zenye pampu ya nozeli isiyotegemea kompyuta.

Kwanza, utoke barabarani salama

Injini ikizima ukiwa kwenye mwendo, usichomoe ufunguo, maana usukani unaweza kujifunga. Usukani wa pawa utakuwa mzito ghafla. Ushike kwa mikono miwili. Servo ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, hubaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu hivi. Akiba ikiisha breki bado zipo, ila pedali inadai mguu mzito sana. Kwa hiyo usikanyage na kuachia ovyo: kanyaga, shikilia. Washa taa za hazadi, weka gia huru, na tumia kasi iliyobaki kuegesha pembeni. Kinga magurudumu kwa mawe au vigingi kabla hujafungua boneti.

Hatua ya 1: Beba vifaa vichache, na daftari

Mita ya umeme, taa ya kupimia ya volti 12, plagi moja nzima ya akiba, waya wa mita moja na nusu wenye vibanio na fyuzi, bisibisi, spana za kawaida, tochi na kizima-moto. Daftari lisikosekane. Kila inapozima andika: ilikuwa imetembea muda gani, jua au mvua, mlima au tambarare, imebeba mzigo au tupu, tanki lina kiasi gani, ulikuwa umekanyaga mafuta au umeachia, na ilikaa muda gani ndipo ikawaka. Ukishaandika mara tatu au nne, mpangilio hujitokeza wenyewe, na mara nyingi haufanani na ule uliokuwa nao kichwani.

Na usicheke: ongeza lita tano za mafuta kabla ya yote. Geji za mafuta za magari makuukuu ni waongo wakubwa.

Hatua ya 2: Soma namna inavyokata roho

Kuna kuzima kwa ghafla, kama umeme wa nyumbani unapokatika. Ilikuwa inavuta, sasa haipo. Hakuna kukohoa wala kujikwaa. Mwelekeo wako ni umeme: swichi ya ufunguo, waya zake, koili, moduli ya kuwashia (kifaa cha kielektroniki kinachoendesha koili), sensa au distribyuta.

Kuna kuzima kwa kuishiwa. Nguvu inapungua, injini inajikwaa, ukizidisha kukanyaga inazidi kunywea, ukiachia kidogo inapata nafuu, kisha inasalimu amri. Hapo ni mafuta. Ikiwa hutokea zaidi mlimani, ukiwa na mzigo au ukiwa kasi, uhakika unaongezeka, kwa sababu hapo ndipo injini hunywa mafuta mengi na filta iliyoziba huumbuka.

Ikiwa pikapu ni ya gia za mkono na ina mshale wa mzunguko wa injini kwenye dashibodi, una kipimo kizuri cha bure. Inapozima, usiharakishe kukanyaga klachi; kama njia ni salama, acha sekunde moja au mbili magurudumu yaendelee kuizungusha injini, na utazame mshale. Ukianguka sifuri palepale ilhali injini bado inazungushwa, upande wa umeme mdogo wa koili umepoteza chakula chake au ishara yake. Ukishuka polepole pamoja na mwendo wa gari, umeme huo huenda ni mzima, kawinde mafuta. Kipimo hiki hufaa pale mshale unapopata habari zake kutoka kwenye koili, na magari mengi ya petroli ya zamani yalifungwa hivyo.

Tazama na taa za dashibodi. Taa nyekundu za oili na chaji zikiwaka mara injini inapozima, basi ufunguo bado unapeleka umeme kwenye dashibodi, na tatizo liko mbele zaidi. Dashibodi yote ikifa, redio ikanyamaza, nenda moja kwa moja kwenye taminali za betri, fyuzi kubwa na swichi ya ufunguo.

Halafu kuna kuzima kwenye mashimo (waya umelegea mahali), kuzima kwenye joto tu, na kuzima unaposimama tu kwenye taa au kona. Hili la mwisho ni ukoo mwingine kabisa, nitaligusa mwishoni.

Hatua ya 3: Yasiyogharimu kitu

Kamata kila taminali ya betri ujaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka, umeshapata kosa la kwanza. Fungua, kwangua hadi chuma king'ae, kaza. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa husoma karibu volti 12.6, injini ikinguruma, chaji inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Ukikuta 12 na inashuka huku injini inawaka, altaneta haichaji, na injini ya petroli itazima tu betri ikichoka.

Kisha ethi, yaani waya unaounganisha ncha hasi ya betri na chuma cha injini na bodi. Kwenye pikapu iliyokula chumvi na matope, naanza kuishuku waya ya ethi kabla ya kifaa chochote kile. Washa injini na taa kubwa, weka mkono mmoja wa mita kwenye ncha hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ikizidi sehemu mbili za kumi za volti, ethi ni mbovu hata kama kwa macho inaonekana nzima. Rudia kati ya betri na bodi.

Mwisho fanya mtihani wa kutikisa: injini ikiwa inanguruma, shika mafungu ya waya moja baada ya jingine, tikisa, vuta kidogo, gongagonga kasha la fyuzi na rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) kwa mpini wa bisibisi. Tikisa hata fungu la funguo lililoning'inia kwenye swichi. Funguo kumi na tano zilizoning'inia miaka ishirini huichosha swichi, na huzima gari kwenye shimo. Kaa mbali na feni na mikanda.

Hatua ya 4: Dakika tano za dhahabu

Imezima, umeegesha, inakataa kuwaka. Usiendelee kupiga stata hadi betri ife. Pima sasa hivi.

*Cheche.* Chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka plagi ya akiba, ilaze ncha yake ya chuma iguse chuma cha injini, ifunge kwa kibanio, mbali na kabureta. Mtu apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia "ta, ta, ta". Ya njano na dhaifu ni ya kutiliwa shaka. Usiishike kwa mkono, na usifanye hivi kukiwa na harufu ya petroli iliyomwagika.

*Mafuta, kwenye kabureta.* Injini ikiwa imezimwa, toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia kwenye koo la kabureta, kisha vuta kamba ya mafuta kwa mkono. Unapaswa kuona mchirizi mwembamba wa petroli ukiruka. Ukiuona, bakuli lina mafuta. Koo likiwa kavu, umepata upande wa kosa.

*Mafuta, kwenye pampu ya umeme.* Washa ufunguo bila kupiga stata, msaidizi wako aweke sikio kwenye tanki. Magari mengi ya aina hii huvuma kwa sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Baadhi, hasa ya awali, huendesha pampu pale tu injini inapozunguka, basi sikiliza tena wakati wa stata. Kimya kabisa: angalia fyuzi, rilei, kisha umeme kwenye plagi ya pampu yenyewe kwa taa ya kupimia.

Cheche ipo, mafuta hayapo: ruka hadi hatua ya 6. Mafuta yapo, cheche haipo: endelea hapa chini. Vyote vipo na bado haiwaki? Pima tena cheche ukiwa umetulia, maana wengi hujidanganya kwa cheche iliyotokea mara moja ya kwanza tu. Ukijiridhisha, fikiria mkanda wa taiming (unaosawazisha valvu na pistoni) ulioruka, au silensa iliyoziba.

Hatua ya 5: Upande wa umeme

Ufunguo ukiwa umewashwa, pima upande wa chanya wa koili. Kwenye mifumo mingi utakuta volti za betri. Kwenye yenye kipingamizi cha nje na pointi (vile vigusio vya ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunga umeme wa koili) zikiwa zimefungana, volti 6 hadi 9 ni kawaida. Hakuna kitu? Rudi nyuma kuelekea swichi ya ufunguo, kiungo kwa kiungo. Kuna dalili moja inayotaja jina la mkosaji: injini inashika wakati wa stata, lakini ukiachia tu ufunguo inakufa. Umeme wa stata hupita njia ya pembeni. Ukirudisha ufunguo kwenye nafasi ya kawaida umeme unapita kwenye kipingamizi, na huyo ndiye aliyekatika, au mguso wa ndani wa swichi.

Ukiishuku swichi, peleka umeme wa muda kutoka betri hadi kwenye waya unaolisha koili, kabla ya kipingamizi kama kipo, kwa ule waya wenye fyuzi. Gari likikoma kuzima, umemkamata. Kumbuka ufunguo hautazima injini tena. Ni lazima uchomoe waya. Ni kipimo tu, usiuache hapo ukaenda safari.

Joto sasa. Koili na moduli ya kuwashia huwa na tabia ya kufanya kazi vizuri zikiwa baridi, zikikata zikipata moto, na kurudi zikipoa. Magari mengi ya Ford ya miaka ya 1980 yalikuwa na moduli iliyofungwa ubavuni mwa distribyuta, kwenye joto la injini lenyewe, kwa hiyo hapo pa kuanzia panajulikana. Nyumbani unaweza kulazimisha kosa: injini ikinguruma, elekeza mashine ya kukaushia nywele kwenye moduli kwa dakika kadhaa. Ikifa ukipuliza moduli na haifi ukipuliza koili, hukumu imetoka. Ukifunga moduli mpya, usisahau ute mweupe wa kupitisha joto chini yake. Bila huo hata mpya itaungua.

Na sasa kiwaya changu. Ndani ya distribyuta yenye kopo la vakyumu (linalovutwa na ombwe la injini), bamba linaloshika pointi au kisoma-ishara huzunguka kidogo kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Waya unaotoka hapo hujikunja nalo, maelfu kwa maelfu ya mara. Miaka ikipita, shaba inakatika ndani ya ganda la plastiki lisilo na hata mkwaruzo. Ncha mbili zinagusana gari likisimama, unapokanyaga zinaachana, na pikapu inazima pale pale unapoihitaji ikimbie. Kuigundua: toa kofia ya distribyuta, weka mita kwenye ncha mbili za waya huo, kisha uvute bamba kwa kufyonza mpira wa vakyumu kwa mdomo. Mita ikiruka wakati bamba linasogea, umemaliza. Mimi nilikuwa nimeshafungua kofia hiyo mara nne bila kumwona, kwa sababu nilikuwa natazama pointi.

Ukiwa humo ndani, tazama pia nyufa na mistari ya kaboni kwenye kofia, rota (kile kinachozunguka chini ya kofia) iliyoungua ncha, na pointi zilizochimbika. Uwazi wa pointi kwa kawaida ni milimita 0.4 hadi 0.5, kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Injini ikizima kwenye mvua au baada ya kuvuka maji, kofia na waya za plagi ndio washukiwa wa kwanza. Usiku, fungua boneti gizani injini ikiwaka: umeme unaovuja utauona ukicheza kama vimulimuli.

Hatua ya 6: Upande wa mafuta

Anza na mfuniko wa tanki. Tanki linatakiwa kuvuta hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Tundu la kupumulia likiziba, pampu inavuta dhidi ya ombwe hadi ishindwe. Inapozima, fungua mfuniko usikilize. "Fyuuu" ndefu ya hewa ikiingia ndani, kisha gari likawaka, ni jibu kamili.

Pili, chujio la ndani ya tanki. Gari huenda vizuri kilomita kadhaa, uchafu unavutwa taratibu hadi kwenye mdomo wa bomba, injini inakufa njaa. Ukisimama, mvuto unaisha, uchafu unadondoka chini, na baada ya robo saa inawaka. Watu huilaumu koili, kwa sababu kupumzika kumeitibu. Tofauti ni ile ya hatua ya 2: hii hufa kwa kujikwaa. Filta mpya inayojaa kutu ndani ya wiki inakwambia tanki lishushwe lioshwe. Kubadilisha filta tu ni kufukuza upepo.

Tatu, mipira. Mpira wa zamani unaweza kunywea kwa ndani ukabana njia, au ukawa na ufa unaovuta hewa bila kutoa tone hata moja nje, kwa kuwa upande wa kabla ya pampu ni wa kuvuta. Badilisha yote kwa pamoja, tena iwe mipira ya mafuta, si ya maji. Angalia isipite karibu na bomba la moshi: petroli ikichemka humo hugeuka mvuke, na pampu ya kabureta haiwezi kusukuma mvuke.

Kupima pampu ya kabureta: injini ikiwa imepoa na waya wa koili umechomolewa, toa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, piga stata sekunde chache. Mafuta yatoke kwa mapigo yenye nguvu. Ukiwa na geji ya presha, pampu nyingi za aina hii hutoa psi 3 hadi 6. Kwenye mifumo ya nozeli usifungue bomba kienyeji, lina presha, tumia geji. Yenye nozeli kwa kila silinda huwa na psi 35 na zaidi, zile zenye nozeli moja au mbili mdomoni mwa injini, nyingi huwa chini sana ya hapo. Ifunge geji mahali utakapoiona na uendeshe hadi gari lizime. Presha ikianguka kabla ya injini, jibu unalo.

Dizeli

Hapa hakuna koili wala cheche, hivyo washukiwa ni wachache. Dizeli iliyozima ghafla bila kukohoa: tafuta solenoidi ya kukata mafuta, yaani valvu inayofunguliwa na umeme, juu ya pampu ya nozeli. Hilux zenye injini za 2L na 3L zinayo, na nyingine nyingi za kizazi hicho. Inahitaji umeme muda wote. Ukikatika hata nusu sekunde, springi inafunga mafuta. Washa na kuzima ufunguo: usikie "kliki". Mara nyingi ubovu ni wa kibanio cha waya wake, na solenoidi yenyewe haina kosa.

Iliyozima kwa kunywea inataka ubonyeze pampu ya mkono juu ya filta. Ikiwa laini na inahitaji kubonyezwa mara nyingi ndipo iwe ngumu, kuna hewa inaingia. Ikibaki imenyonywa chini, haipandi, njia kutoka tankini imeziba. Kuthibitisha hewa, funga kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya nozeli. Viputo vinavyopita mfululizo hutavihoji. Mwaga pia maji chini ya filta. Na usiipulizie dizeli yenye plagi za joto ile dawa ya kopo ya kuwashia injini, unaweza kuvunja pistoni.

Inazima ukisimama tu

Kwa kabureta: ikiwa inakubali kwenda ukiwa umekanyaga lakini inakufa ukiachia, pima umeme wa solenoidi ya mafuta ya mwendo mdogo, kisha usafishe jeti yake. Kwa nozeli: safisha mlango wa hewa na valvu ya hewa ya mwendo mdogo. Ikizima hasa unapokanyaga breki, bana mpira wa vakyumu wa servo ukiwa umesimama. Injini ikitulia, servo inavuja, na hiyo ni kesi ya breki pia, usiichezee. Ya gia za otomatiki inayozima kila unapokaribia kusimama, kama gari la gia za mkono lililosahauliwa klachi, ina klachi ya ndani ya gia iliyogoma kuachia. Usihangaike na kabureta.

Hatua ya mwisho: Irudishe ilikozimia

Kuzunguka mtaa mara moja hakuthibitishi kitu. Fungua daftari, rudia hali ileile: muda uleule, mlima uleule, mzigo uleule, jua lilelile la mchana. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua kipi kilitibu. Ikimaliza safari hiyo mara tatu bila kukohoa, ile pampu uliyoitoa mwanzo kwa kubahatisha ifute vumbi, uifunge kwenye gazeti na uiweke nyuma ya kiti. Bado nzima.